Fichte Asomwe Kuanzia Hotuba ya Nane

Wengi huzisoma Hotuba kwa Taifa la Wajerumani za Fichte, mwanafalsafa wa Kijerumani, kwa mfuatano. Wakifika ya nne, inayosema Kijerumani ni lugha hai na lugha zilizotokana na Kilatini zimekufa mizizini, huhukumu: huyu ni mbaguzi tu. Hukumu hiyo ina ukweli, lakini inaikosa hoja kuu.

Hotuba ni 14. Fichte alizitoa Berlin, majira ya baridi ya 1807–1808, mji ukikaliwa na jeshi la Ufaransa baada ya Prussia, ufalme wa Kijerumani, kushindwa vitani Jena Oktoba 1806. Ianze ya nane. Humo swali ni la kidini kabla halijawa la kisiasa: binadamu hataki kazi yake ife naye. Mbingu ya baadaye haimtoshi. Anautaka umilele papa hapa duniani, na watakaoibeba kazi yake akishazikwa ni watu wake. Ndiyo maana Fichte anathubutu kudai mtu alifie taifa. Serikali inayolinda mali na amani tu haiwezi kudai hivyo.

Kisha soma ya saba: anayeamini uhuru wa roho, huyo ni mwenzetu, kokote alikozaliwa na lugha yoyote anayosema. Iweke kando ya ile ya nne. Hazipatani, na wanaodai zinapatana huwa wameiruka mojawapo.

Tena, huyu ndiye aliyeyatetea Mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1793, na mwaka 1799 akapoteza nafasi yake chuoni Jena kwa shutuma za kumkana Mungu. Mapinduzi hakuyaacha, aliyahamishia shuleni: hotuba ya 9 inamwegemea Pestalozzi, mwalimu Mswisi aliyetaka kuugeuza ufundishaji, na inataka watoto walelewe mbali na watu wazima waliokwisha kuharibika.

Usimchanganye na Hegel, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani. Mwaka huohuo wa 1807, Hegel aliandika kwamba uhuru unaokataa kila taasisi hubaki na kazi moja, kuua, na kifo unachokileta hakina uzito kuliko kukata kichwa cha kabichi. Dawa yake haikuwa shule. Mwaka 1830 alisema ni upumbavu kufanya mapinduzi bila matengenezo ya dini: katiba huru haisimami juu ya dhamiri ambayo bado iko mikononi mwa mapadri. Alikuwa akiwalenga Wafaransa.