Baada ya kete moja

Wiki hii nafundisha kazi za mwanasaikolojia Alan Marlatt, na najijua: jaribio lake la 1973 litanilia kipindi kizima. Aliwaita waraibu wa pombe na wanywaji wa kawaida, akawapa vinywaji wavionje na kuvilinganisha. Baadhi waliambiwa kuna vodka, kumbe ni toniki tupu, soda chungu isiyo na kilevi. Wengine waliambiwa toniki, kumbe vodka imo. Waliokunywa zaidi ni wale walioamini wanakunywa pombe, iwe imo au haimo. Enzi zile iliaminika kwamba mraibu akigusa tone tu, mwili humvuta mpaka alewe chakari. Marlatt alionyesha kuwa yaliyomo kichwani nayo yanavuta, tena sana.

Mzaliwa huyo wa Vancouver alijiunga na Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 1972, na mwaka 1985 yeye na Judith Gordon wakatoa kitabu kuhusu kuzuia kurudia uraibu. Ninachokithamini kuliko vyote ni maelezo yake ya saa zile chache baada ya mtu kuteleza. Kaacha unga, yaani heroini, miezi, leo kavuta kete moja, kipakiti kimoja tu. Kinachomrudisha kijiweni mara nyingi ni yale anayojiambia: “Basi, mimi ni teja tu.” Aibu inamchoma, na kitulizo anachokijua ni kilekile. (Kete moja si jambo dogo. Aliyekaa muda bila heroini mwili wake haustahimili tena kipimo cha zamani, kinaweza kumuua. Ndiyo maana nataka aje upesi, asijifiche.)

Kliniki ya Muhimbili, Dar es Salaam, ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ilifunguliwa Februari 2011. Marlatt akafariki Machi. Dawa ile inatuliza arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, lakini aibu haiigusi, na familia huiongeza bila kujua. Mama akisikia mwanawe kavuta tena, husema, “Daktari, amenidanganya muda wote huu.”

Hapana, mama. Miezi ile ilikuwa ya kweli. Muulize tu: ulikuwa wapi, na nani, moyo wako ulikuwaje? Marlatt alikuta kwamba kurudia kwingi hutokana na hisia nzito, ugomvi na shinikizo la watu wengine. Maswali hayo hayahitaji ofisi yangu. Wapo akina mama waliowauliza wanao wakiwa jikoni, kwa sauti ya kawaida, na kesho yake kijana akaja kliniki mwenyewe.