Kopo la msumarini

Jana usiku binti yangu anasoma Huckleberry Finn kwenye simu, ile hadithi ya Mark Twain ya enzi za utumwa Marekani, mara akaniuliza, "Mama, huyu Miss Watson si awaita watumwa ndani usiku wasali pamoja? Mbona sasa ataka kumuuza Jim?" Nkamwambia soma mbele utajua. Lakini mimi nshatoka pale, nsharudi Kibokoni, Mombasa, 1996, nimekaa mlangoni juu ya ngazi na kitabu hicho hicho cha maktaba, kava lashikwa na selotepu.

Nlikuwa nkimsomea bibi baada ya alasiri, nasoma kizungu namfasiria, nisipoelewa natunga. Yeye huku apeta mchele. Siku hiyo tumefika pale Jim amesikia kuna mtu yuwatoa dola 800, na Miss Watson aliyeahidi hatamuuza kule Orleans ameanza kulegea. Ungo ukasimama. "Yuwasali naye usiku kisha amuuze? Hiyo sala yake yapanda mbingu gani?" Akamlaani wallahi, mpaka mimi nkaona fahari kama kwamba kitabu nimekiandika mimi. (Utumwa hapa kwetu umekomeshwa 1907 tu, lakini hayo nyumbani hayakuwa yakizungumzwa.)

Mara hodi. Mzee wa maji. Wiki hiyo mifereji mikavu, basi kapandisha mitungi sita ya lita 20 kwa zile ngazi zetu za kuponda magoti, na huyu mzee msikiti wake na babu ni mmoja, husimama safu moja bega kwa bega. Akaomba maji ya kunywa. Nkainuka nichukue gilasi.

"We! Mpe kwa lile kopo."

Lile kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limetobolewa tundu karibu na mdomo, latundikwa msumarini nje ya mlango. Hakuna aliyewahi kunieleza ni la nani, nlijua tu, vile unavyojua mkono wa kulia chakula. Nkalijaza kwa maji aliyoyaleta yeye mwenyewe saa ile. Akachutama, akanywa polepole mpaka likaisha, akalisuza, kisha akanyoosha mkono nyuma akalipachika pale pale msumarini. Bila kuangalia. "Ahsante mwanangu," akashuka.

Bibi akarudi kwa mchele wake. "Haya, maskini Jim yuwapi sasa?"

Nkasoma. Mimi pia nlitaka kujua.

Mwisho wa kitabu Miss Watson amekufa, kwenye wasia amemwacha Jim huru, aliona haya. Bibi hapo hakufika, siku za kitabu ziliisha nkakirudisha. Na bibi alikuwa mtu mwema sana jamani, ulizeni mtaa mzima, ndo pananitatiza hapo.

Leo asubuhi binti yangu kaingia jikoni akachukua kikombe cha buluu rafu ya chini. Nkamwambia weka, hicho cha dada wa kazi. "Kwani dada hanywei kwa hivi vyengine?" Nkamjibu eti ndo akipendacho.

Akakirudisha. Chai ikafurika jikoni nkapata la kufanya.