Nilivyopima soko la dagaa wa kukaanga Tanga kabla ya kununua mashine

Ukimwonjesha mtu wa Tanga chakula chako, atakusifu. Atasema mashaallah, tamu, ukianza kuuza unistue. Hiyo ni adabu, si oda. Kwa hiyo nilipotaka kujua kama dagaa mchele wa kukaanga, waliofungwa kwenye pakiti, watapata wanunuzi wa kudumu hapa mjini, sikuhesabu sifa wala ahadi. Nilihesabu pesa taslimu ya mtu asiyenijua, anayelipa bei kamili, kwa mara ya pili. Mara ya kwanza mtu hununua kwa hamu ya kitu kipya au kwa kukuonea haya. Akirudi mwenyewe bila kupigiwa simu, hapo ndipo kuna soko.

Maswali niliuliza, ila "ungenunua?" sikuligusa. Nilimuuliza mtu yaliyokwisha kutokea: jana usiku mlikula ugali na nini, kitoweo mlikinunua wapi, kwa shilingi ngapi, nani alipika. Majibu yanamwonyesha mshindani halisi. Kwa mama mwenye nafasi ya kuchambua na kukaanga, mshindani ni fungu la dagaa wakavu la Soko la Mgandini, na huyo sikumfuata tena. Kwa asiye na nafasi, mshindani ni samaki wa kukaanga wa jioni mitaa ya Ngamiani. Nikabaki na makundi matatu: mpangaji wa chumba kimoja anayerudi usiku, mwanafunzi wa bweni, na abiria wa stendi ya Kange anayetaka zawadi ya kupeleka bara. Kila kundi lilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari. Abiria hununua pakiti nyingi kwa mkupuo halafu humwoni tena, kwa hiyo ukimjumlisha na mpangaji utaona soko lisilokuwepo.

Pakiti za majaribio hazihitaji mashine ya kuziba. Pinda mdomo wa mfuko juu ya bapa la msumeno wa kukatia chuma, upitishe ukingo unaobaki kwenye ulimi wa mshumaa, haraka na kwa mwendo mmoja. Ukikawia plastiki inatoboka, ukikimbia haishiki. Zamisha pakiti kwenye beseni la maji na uibonyeze. Povu likitoka, hiyo usiiuze. Dagaa wachuje mafuta kwenye chekeche, kisha wapoe kabisa kabla ya kufungwa, kwani mvuke ukibaki ndani wanalegea, na hewa ya pwani yetu yenye unyevu inamalizia. Kila nilipokaanga niliacha pakiti kadhaa kabatini na kufungua moja kila wiki, kuonja na kunusa. Bila hivyo, mteja asiporudi hutajua kama hakuitaka bidhaa au aliipata ikiwa imelegea. Afya ya mpishi ipimwe na tarehe ya kukaanga iandikwe hata kwenye majaribio, maana walaji ni watu kamili.

Kwenye bei, angalia noti kabla ya kuangalia faida. Shilingi 1,000 na 2,000 ni noti moja moja, mkono kwa mkono. Ukiweka 1,500, mwenye duka anaanza kutafuta chenji, na pakiti yako inakuwa ya mwisho kupendekezwa. Niliweka 2,000. Punguzo sikutoa kwa yeyote, hata jirani, kwa sababu ukipima kwa bei ya kuonjesha unachopima ni hamu ya watu kula vya bei chee.

Maduka nayo yana mtego wao. Mwenye duka Chumbageni au Makorora atapokea mzigo wako kwa mali kauli, yaani akulipe akishauza, bila shida, kwani yeye hapotezi kitu. Rafu iliyojaa pakiti zako haithibitishi chochote. Mzigo wa kwanza nilikubali mali kauli, wa pili nikaomba taslimu. Anayelipa ameona wateja wakiulizia. Anayesema "lete tu, tutaongea" amekujibu, mshukuru na uchukue zilizobaki. Pakiti nilizining'iniza kwa mikanda ya 12, nikipita nahesabu zilizobaki, simuulizi mtu zimeuzwa ngapi.

Jambo ambalo wengi hulipuuza hapa kwetu ni kalenda. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki kukiwa na giza. Mbalamwezi ikitanda, uvuvi unapungua na bei inapanda. Mfukoni mwa mteja nako kuna mwezi mwingine, wa mshahara, unaojaa mwishoni na kukauka katikati. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, wa mshahara 30 au 31 ukiacha Februari, kwa hiyo viwili hivi haviendi sambamba. Jaribio la wiki mbili linaweza kuangukia giza na mshahara pamoja, ukajiona tajiri. Pima mpaka uone hali zote nne, hasa ile mbaya: mbalamwezi katikati ya mwezi wa mshahara. Ramadhani ipime peke yake, usiichanganye na miezi mingine, kwani ulaji wote unahamia futari na daku. Na wanunuzi wanaotokana na ujenzi wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, waandike pembeni. Kambi ya ujenzi hufika siku ikafungwa.

Hesabu ndiyo iliyobadilisha bidhaa yenyewe. Pakiti ya gramu 100 duka lilichukua kwa 1,600. Kwenye giza, dagaa walinigharimu 700, mafuta na mkaa 250, mfuko na lebo 150, bodaboda 100, kazi 200. Jumla 1,400, inabaki 200. Kwenye mbalamwezi dagaa wa pakiti hiyohiyo walifika 950, jumla 1,650, hasara ya 50 kwa kila pakiti, na kadiri inavyouzika ndivyo unavyozama. Usisahau kwamba dagaa mbichi ni maji kwa zaidi ya theluthi mbili ya uzito, kwa hiyo gharama ipigwe kwa uzito baada ya kukaangwa, si ule wa kwenye mzani wa sokoni.

Nikashusha pakiti hadi gramu 80, uzito ukaandikwa wazi mbele, bei ikabaki ileile. Hata gharama nyingine zisipopungua, kwenye giza inabaki 340, kwenye mbalamwezi 140. Swali likawa kama waliokuwa wakirudi wataendelea kurudi. Wapangaji waliendelea. Wanafunzi wengi waliacha, wakataka ya 1,000, nami gharama za mfuko, lebo na kazi haziniruhusu kuitengeneza. Nikawaondoa kwenye mpango.

Kiwango cha kuendelea kiandikwe kabla ya kuuza, kwani ukishachoka jikoni utakipindisha. Changu kilikuwa hiki: kati ya kila wageni 30 walionunua, 10 warudi ndani ya wiki mbili, na nusu ya maduka yalipe taslimu mzigo wa pili. Kilifikiwa kwa wapangaji tu. Kwa hiyo mashine ya kuziba niliyoulizia ni ndogo, ya mezani, na usajili wa jiko la chakula, ambao tangu 2019 uko Shirika la Viwango Tanzania (TBS), nauombea bidhaa moja: pakiti ya gramu 80 kwa maduka ya mitaa yenye vyumba vya kupanga.