Shibe ya Kabula

Kabula alishindwa kugeuka. Ilikuwa asubuhi ya Juni 2020, nyumbani kwetu Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nilimwita kutoka mlangoni kama kila siku, akasimamisha masikio, akataka kunifuata, halafu akaganda kama aliyekanyaga makaa. Miguu ya mbele alikuwa ameitanguliza, uzito wote kauegemeza nyuma. Nikadhani kachomwa na mwiba. Nilipoinua ukwato sikuona mwiba, ila ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na juu yake kidogo mshipa ulidunda hata kidole changu hakikuwa na haja ya kuutafuta.

Niseme kwanza Kabula alikuwa nani. Wasukuma tunampa jina hilo mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua, na punda wangu nilimleta kutoka mnadani mvua ikinyesha, miezi michache baada ya kumzika mume wangu. Kwa miaka tisa alivuta mkokoteni wa maji, madumu kumi ya lita 20, kutoka ziwani hadi kwenye nyumba zilizokaa juu ya mawe. Kiangazi alikwenda mara sita kwa siku. Sare za wanangu watatu, madaftari yao, hata bati za chumba ninacholala, vyote vilitokana na mgongo wake. Mabomba yalipofika mtaani kazi ikaisha. Miaka ile wanunuzi wa ngozi za punda walikuwa wakipitapita, na watu wakanishauri nimuuze angali na thamani. Nikaapa kwamba huyu hatauzwa wala hatavuta kitu tena. Atakula tu.

Na alikula kweli. Mwaka ule ziwa lilifurika. Mei maji yalifika kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964. Bustani za mchicha zilizama, lakini juu kidogo ya maji majani yalikuwa mabichi, laini, yanang'aa. Kabula alishinda humo kutwa. Jioni akirudi nilimwekea pumba za mahindi, debe nusu. Shingo yake ikaota tuta la mafuta, tuta likazidi kukua mpaka likalala upande mmoja. Mbavu hazikuonekana, na hata ukibonyeza kwa vidole huzipati. Waliopita walisema, "Mama, punda wako kanona!" Nami nilifurahi, maana kwetu mnyama aliyenona ni heshima ya mwenye boma.

Baba mkwe, aliyekuwa akiishi nasi, ndiye aliyetamka kwamba ni shibe. Nikashika neno lake nikalipeleka kusiko. Nilimfungia Kabula bandani na ndoo ya maji, bila unyasi hata mmoja, kutwa na usiku kucha. Alilia usiku ule, na mimi nikajiziba masikio kwa shuka nikiamini namtibu.

Bwana mifugo alifika siku ya pili, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alipitisha mkono shingoni, akashuka kwenye kwato moja moja, kisha akauliza, "Mama, leo amekula nini?" Nikajibu kwa uhakika kwamba hajala chochote tangu jana. Uso ulimbadilika.

"Mpe kitu kikavu sasa hivi," alisema. "Punda mnene ukimkatia chakula ghafla, mafuta yake yanamwagikia kwenye damu, ini linazidiwa. Hapo kwato hazitakuwa na maana tena, atakufa."

Nilikimbia kwa jirani kuomba mabua ya mpunga. Kabula alipoanza kutafuna ndipo nilipokaa chini kusikiliza. Ugonjwa aliuita laminaitisi. Ndani ya ukwato kuna nyama laini inayoushikilia mfupa usiachane na ukuta wa nje. Mnyama akinenepa na kula sukari nyingi ya majani mabichi, insulini inapanda kwenye damu na nyama ile inaumia, inalegea; ikiachia kabisa, mfupa unazama kuelekea chini. Punda, alisema, ni mnyama wa nchi kavu, wa majani magumu, machache, yaliyotawanyika mbali. Pumba nilizompa zilikuwa zawadi mwili wake haukujua pa kuiweka.

Alimchoma sindano ya maumivu, akakataza kumtembeza ingawa majirani walishikilia kwamba ni ganzi ya kukaa. Wanangu walisomba mchanga wa ufukweni wakaumwaga bandani kina cha shibiri, ili kwato zipate kitu laini cha kukanyaga. Alimpima kifua kwa utepe, akakadiria kilo 185. Kwa kimo chake, kilo 140 zingemtosha. Chakula kikawa mabua makavu, kilo mbili na nusu kwa siku, mafungu manne. Niliazima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki. Banda zima likanuka sato, lakini kipimo kilikuwa cha haki.

Kumlisha kulikuwa kazi nyepesi, kumpimia kuliniumiza. Aliponiona tu alilia. Siku moja mwanamke niliyemheshimu sana alisimama njiani akasema kwa sauti, watu wasikie, kwamba namtesa kwa njaa aliyenisomeshea watoto. Sikumjibu. Nilikwenda kupima fungu la saa kumi, nikalipima mara mbili kwa sababu macho yalikuwa na machozi.

Alianza kukanyaga vizuri Agosti, na swali likawa jinsi ya kumrudisha malishoni. Baba mkwe alikulia Maswa, akichunga kwenye ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zikianza na kuyafungua kiangazi, sehemu kwa sehemu. Alipanda minyaa kuzunguka kipande chetu, akavuta kamba kukata ukanda wa hatua sita.

"Ngitili tuliifunga ng'ombe wasife njaa," aliniambia. "Hii tunaifunga asife kwa shibe, mayu. Lakini kamba ni ile ile."

Bwana mifugo aliongeza jambo la saa. Jani hutengeneza sukari juani kutwa nzima na kuitumia usiku, kwa hiyo jioni ndipo linapokuwa tamu kupita kiasi, alfajiri ndipo linapopungua. Mimi nilikuwa nikimwacha hadi magharibi! Sasa angeingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa mbili, kisha mabua.

Siku ya kwanza nilikuwa na kurunzi na wasiwasi. Aliinamisha kichwa akala bila kupumzika, tuta la shingo bado limelala upande, ambalo hata leo halijaisha. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanarudi, taa zao zinazimwa moja moja. Saa mbili ilipofika nilimwita. Hakusogea. Nikamwita tena, akanitazama huku jani likining'inia mdomoni, amegoma kabisa, miguu yote minne imara juu ya ardhi. Nikaingia na kamba nikamgusa begani. Akageuka, mzunguko mzima, akanifuata bandani.