Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa, na bado breki zikapotea

Nina Toyota Hilux ya klachi ninayobebea kabichi na karoti kutoka Lushoto kushuka Mombo. Kwa wiki kadhaa klachi ilinisumbua. Asubuhi gia ya kwanza iligoma, rivasi ikalia, mpaka nikanyage pedeli mara mbili tatu ndipo ikubali. Nikazoea. Kumbe dereva mwenye klachi mbovu huanza kukwepa kubadili gia bila kujijua, na hilo ndilo lililonifikisha pabaya.

Barabara ile ina zaidi ya kilomita 30 za kona, na inateremka karibu mita 1,000. Siku hiyo, badala ya kuingiza gia ya pili tangu juu, nilishuka na mzigo kwa gia ya nne na ya tatu, mguu juu ya breki kona baada ya kona. Kabla ya Soni nikasikia harufu ya pedi kuungua. Kona mbili mbele, pedeli ikazama. Nikapampu, ikapanda kidogo, ikazama tena. Nililazimisha gia ya pili, injini ikaunguruma, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo hadi gari likasimama limeegemea ukingo wa upande wa mlima. Mikono ilitetemeka muda mrefu.

Nilifungua boneti nikitegemea kukuta kopo la mafuta ya breki tupu. Lilikuwa limejaa. Hakuna bomba lililovuja, tairi zote kavu kwa ndani. Baada ya karibu saa nzima, vyuma vilipopoa, pedeli ikarudi kuwa ngumu kama kawaida.

Fundi wa Mombo alichungulia kopo akaniuliza swali moja tu: "Kaka, haya mafuta ulibadilisha lini?" Sikuwahi. Tangu ninunue gari nilikuwa naongeza tu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani taratibu, kupitia mipira na kila kifuniko kinapofunguliwa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230, yakilowa 155. Breki zikipata moto mteremkoni, yale yaliyolowa huchemka na kutoa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, kwa hiyo pedeli inazama ilhali kopo limejaa. Yakipoa, mvuke unapotea na breki zinarudi kana kwamba hakuna lililotokea.

Kazi niliifanya mwenyewe nyumbani na mpwa wangu. Nilinunua DOT 4, kopo lililofungwa bado, maana lililokaa wazi dukani limeshanyonya unyevu wake. Nilifyonza mafuta ya zamani kwenye kopo la gari kwa bomba la sindano, nikajaza mapya, nikaanza na tairi la nyuma kushoto lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli), kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mpira wa dripu kwenye skrubu ya kutolea upepo, mwisho wake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga. Shikilia."

"Nimeshika, mjomba."

Nafungua, mafuta yanatoka, nafunga, ndipo namwambia aachie. Tairi la pili aliachia kabla sijafunga, upepo ukaingia, tukaanza upya. Chini ya pedeli niliweka kipande cha ubao ili isifike mwisho kabisa: masta silinda ya zamani ina kutu na uchafu sehemu ambayo mipira yake haifiki kila siku, na ikisukumwa huko hukatika. Kopo usiliache likauke, na yakimwagika kwenye rangi mwaga maji hapohapo, yanaibabua.

Ya breki yalitoka na rangi ya chai. Ya klachi, ambayo nayo hutumia mafuta ya breki, yalitoka meusi tititi, vumbi la mpira limo ndani. Kwenye gari langu klachi ina kopo lake dogo, ndiyo maana wengi tunalisahau. Silinda ya chini, inayosukuma klachi ubavuni mwa giaboksi, ilihitaji kupampwa sana. Mwanzoni pedeli ilibaki sakafuni, mpwa akawa anaiinua kwa mkono. Ilipopanda, gia ya kwanza iliingia laini.

Wiki tatu baadaye kopo la klachi lilipungua. Nilivuta mfuniko wa mpira wa silinda ya chini nikakuta umelowa. Raba za ndani zilikuwa zimechoka siku nyingi, nikabadilisha seti nzima na kutoa upepo tena. Mwezi na mwaka nimeviandika kwenye plasta juu ya kila kopo. Ikitimia miaka 2 namwaga yote, hata yakiwa yamejaa.