Saa Saba ya Berlin

Ujumbe wenyewe bado ninao kwenye simu: “Shangazi tukutane mlangoni saa saba kasorobo. Usichelewe, wakishafunga milango hawafungui.” Niliuona saa nne na nusu asubuhi, nikaruka kitandani kama niliyesahau chungu motoni. Nikaoga, nikavaa gauni la harusini, nikatupia mtandio, nikapanda treni mbili na basi moja, na saa saba kasorobo ya mchana nimesimama mbele ya Philharmonie, ukumbi wa muziki wa okestra, Berlin, Ijumaa ya tarehe 23 Agosti 2024. Milango imefungwa. Mtu hapana, ila njiwa wawili wanagombania ganda la mkate.

Mtoto huyu wa kaka yangu kazaliwa Ujerumani. Kiswahili anacho, baba yake kamfunza, hata majina ya khanga anayasoma na fumbo analipata. Saa tu ndiyo anayoihesabu Kijerumani kisha akaitia Kiswahili. Saa moja ya usiku kwa Wajerumani ni saba, basi na yeye akaandika saba. Mimi niliyezaliwa Unguja, nikiambiwa saba najua jua liko utosini na wali umeshaiva.

Simu hakupokea. Anafanya kazi hospitali na simu huiacha kabatini. Saa tisa kasoro ndipo aliponijibu, kwanza kwa vicheko, halafu: “Shangazi, rudi nyumbani upumzike, uje tena.” Nirudi? Tiketi ya treni ya Berlin mwaka ule ilikuwa yuro tatu na nusu, kwenda tu. Kurudi na kuja tena zilikuwa yuro saba, na yuro siku zile ilikuwa inaelekea shilingi elfu tatu. Piga hesabu mwenyewe. Nikamwambia nipo hapa hapa, na hapa ndipo utakaponikuta.

Kwa hiyo siku tisa nyingine za safari yangu hazina hadithi. Niliona lango, niliona mnara, nilikula viazi kwa kila namna ambayo kiazi kinaweza kupikwa. Safari yangu ya Berlin ilikuwa ule mchana mrefu wa kukaa nje ya jengo la rangi ya dhahabu lililochongoka kama hema lililopeperushwa na kusi. Lilijengwa kuanzia 1960, likafunguliwa 1963, na wenyeji zamani wakiliita sarakasi. Kulitazama nililitazama mpaka nikalijua kila pembe.

Kiu ikanishika. Kwenye kibanda cha jirani chupa ndogo ya maji ilikuwa yuro mbili na nusu. Maji! Nikanywa kwa hasira, chupa nikaitupa kwenye pipa, na sijageuka mzee mmoja keshaingiza mkono kaitoa, kaitia mfukoni. Nikamwonea huruma, kumbe mjinga mimi: ndani ya ile bei mna senti 25 za chupa, na ukiirudisha dukani unarejeshewa.

Kando ya ukumbi pana ukuta mrefu wa kioo cha buluu. Niliukaribia nikidhani ni pambo. Ni kumbukumbu ya wagonjwa na walemavu waliouawa na utawala wa Hitler; ofisi iliyopanga mauaji hayo ilikuwa mtaa huu huu, nyumba namba 4. Nikasoma Fatiha, nikarudi mahali pangu.

Kama saa kumi hivi akatokea bibi wa Kijerumani, mvi kichwa kizima, viatu vya michezo, mkononi kipande cha boksi kilichoandikwa maneno mawili. Nilidhani ni ombaomba. Maneno yenyewe ni “natafuta tiketi”. Tiketi zilikuwa zimekwisha, na yeye husimama hapo siku kama hizo akingoja mtu ambaye mwenzake kaugua au kagombana naye, amuuzie kwa bei ile ile iliyoandikwa. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, tukaelewana vizuri sana. Alinimegea mkate wake wa siagi. Mimi nilikuwa na kashata mkobani, za nazi, nilizokuja nazo kutoka nyumbani, na kwa kashata tatu nikapata darsa la saa mbili.

Alikuwa msichana jengo lilipofunguliwa. Ukuta wa Berlin ulikuwa karibu, na Potsdamer Platz, ambako leo pana maghorofa ya vioo, palikuwa uwanja mtupu, nyasi na sungura. Okestra ya ukumbi huu ni ya 1882. Akanieleza kwamba wapigaji ndio wanaomchagua kiongozi wao, kwa kura. Si waziri, si tajiri. Mei 2015 walijifungia kanisani kutwa, waandishi wa habari wako nje wanangoja, na jioni wakatoka wakasema hawajapata mtu. Mwezi uliofuata ndipo wakampata Kirill Petrenko, na yeye hakuanza kazi mpaka 2019. Bibi alisimulia haya kwa fahari ya mtu anayesimulia ndoa ya mwanawe.

Kisha akapunguza sauti kidogo. Mwanamke wa kwanza kuingia okestra hii, Madeleine Carruzzo, mpiga fidla, aliingia 1982. Nikamwambia arudie. Miaka mia moja kamili! Na mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha kiongozi wa fidla, Vineta Sareika-Völkner, ni juzi tu, 2023. Mimi nikamtajia Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi kutoka Fumba, aliyevuka bahari mpaka Bombay 1928 kutiwa sauti yake kwenye santuri. Niseme haki: Siti alikuwa mwimbaji, na kwetu pia fidla na ganuni zilikaa mikononi mwa wanaume muda mrefu. Hilo sikumwambia. Ugenini mtu hutetea kwao kwanza.

Kuanzia saa kumi na moja na nusu wapigaji wakaanza kuingia kwa mlango wa nyuma, nasi tukasogea kuwatazama. Nilitaraji magari ya vioo vyeusi. Akaja mmoja kwa baiskeli, selo, ile fidla kubwa, mgongoni kama kasa. Mwingine kavaa kandambili, suti nyeusi kaining'iniza begani kwenye hanga. Dada mmoja anatafuna tufaha, sanduku la fidla kwapani, anazungumza na simu kwa sauti ya mtu aliyeacha watoto na mlezi. Nikamkumbuka ami yangu, aliyekuwa akipiga besi kwenye taarabu. Akitoka kazini forodhani, akioga, akila kipande cha muhogo wima, halafu anaingia mjini na jibesi lake kwenye gari la mkono, watoto nyuma wanalipiga makofi ya tumbo. Nyumbani hakuna aliyemwita msanii. Shangazi yetu akimwita “mwenye mbao”.

Saa moja kasorobo, ile ya kweli, mtoto akafika anakimbia. Akanibusu mkono, akaanza tena kucheka, nikamkata jicho. Bibi naye alikuwa kapata tiketi dakika hizo hizo kwa kijana aliyeachwa na mchumba. Akatupungia boksi lake kwa furaha akapotea ndani.

Viti vyetu vilikuwa nyuma ya okestra, mabenchi hasa, ya bei nafuu. Nafuu kiasi gani mtoto alikataa kusema, na mimi nikapima kwa kule kukataa kwake. Mgongo uliniuma. Lakini kutoka pale unamwona kiongozi uso kwa uso, kama na wewe ni mpigaji. Mtoto akamwita “kondakta”, na mimi kila nikilisikia neno hilo namwona kijana ananing'inia mlangoni mwa daladala. Watu wamezunguka jukwaa pande zote, kwa ngazi ngazi, wanatazamana. Nikamwona bibi yangu ng'ambo ya pili, juu kabisa.

Usiku wa kufungua msimu mpya walipiga kazi moja tu, Simfonia ya Tano ya mtunzi Anton Bruckner, zaidi ya saa nzima bila mapumziko. Mwaka ule ilikuwa inatimia miaka 200 tangu azaliwe. Mtoto alikuwa kaninong'oneza habari zake wakati zumari la obua likitoa sauti ya kupatanishia vyombo: aliiandika kuanzia 1875, ikapigwa na okestra mara ya kwanza 1894, na siku hiyo yeye mgonjwa, hakuweza kwenda. Akafa hajaisikia ikipigwa na okestra. Alikuwa kaisikia kwa piano mbili tu.

Taa zikafifia. Nilitaraji kishindo. Badala yake besi na selo zikaanza kudonolewa kwa vidole, polepole, kama mtu anayetembea kwenye sakafu ya mbao usiku asije akaamsha watoto. Wallahi nywele zilinisimama. Besi ya taarabu hudonolewa hivyo hivyo. Nilikuwa nimevuka bahari na jangwa, nimengoja saa sita juani, na sauti ya kwanza ninayoipata ni ya ami yangu.

Kati yake nilisinzia, siwezi kusema uongo. Okestra ikinyamaza baina ya sehemu na sehemu, ukumbi mzima unakohoa kwa pamoja, halafu kimya tena; hata pipi unaogopa kuifungua. Kwetu ukumbi ungekuwa na kelele zake: mmoja anaitikia, mwingine anapiga vigelegele, wanawake wanainuka mmoja mmoja kwenda kutunza, noti juu, kiuno kinafuata.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyonizindua. Okestra inakumbusha vipande vilivyopita, na klarineti, zumari jingine, inakatiza, inaruka juu peke yake, ya utundu, kama mtoto anayedakia maneno ya wakubwa. Kisha nyuzi zote zikaidaka ile ya klarineti na kuigeuza jambo zito. Zikafukuzana, zikapandana, mpaka tromboni na tarumbeta zikasimamisha juu yake kitu kama dua ya msikiti mzima, na timpani, ngoma kubwa zilizokuwa hatua chache mbele yangu, zinanitetemesha benchi. Hapo sikuwa Berlin. Mkono wangu wenyewe ukaingia mkobani, ukatoka na noti ya yuro tano, na nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, namtazama yule wa klarineti, mtoto aliponishika kifundo cha mkono.

“Shangazi. Kaa.”

Nikakaa. Nje kiu ilitushika wote wawili na kibanda kilikuwa bado wazi, bei ile ile. Ile noti ikaishia hapo, kwa maji ya watu wawili. Chupa zote mbili nilizishika mimi mpaka nyumbani.