Kucha za Mkono wa Kulia

Mwalimu wa gitaa kamwambia mwanangu afuge kucha za mkono wa kulia, za kushoto azikate ziishe kabisa. Mama yake hataki hata kusikia. Jumapili nzima ilikuwa vurugu, kikata kucha kinafichwa huku, kinaibuliwa kule, mpaka mtoto akanigeukia: "Baba, ulishawahi kumwona mwanamume mzima ana kucha za hivi?"

Nilimwona. Charlie Byrd, mpiga gitaa wa Marekani, pale Annapolis, Maryland, kwenye ukumbi mmoja wa chini ya hoteli kongwe, King of France Tavern. Nilikwenda na jamaa yangu mmoja wa Mombasa, dereva teksi wa Washington, mtu asiyeona sababu ya kutoka usiku kama hakuna rumba. Nilimwambia tu kuna mpiga gitaa, nikaishia hapo.

Miaka hiyo bado nilikuwa najihesabu mwanamuziki. Nilishapiga rithim kwenye bendi ya dansi Dar, na kwetu mambo yalikuwa wazi: kuna wa solo, kuna wa rithim, kuna wa besi, kila mtu na kiti chake. Ukihamahama unaitwa mbabaishaji. Ndiyo maana Charlie Byrd alinikera hata kabla sijamwona. Mtu kazaliwa Virginia mwaka 1925, gitaa kafundishwa na baba yake, kapiga jazi kama wenzake. Halafu kaenda kusoma klasiki kwa Sophocles Papas pale Washington, na mwaka 1954 akafika mpaka Siena, Italia, kwenye darasa la Andrés Segovia mwenyewe, Mhispania aliyekuwa bingwa wa gitaa la klasiki. Sasa ukishafika kwa Segovia si unabaki huko huko? Yeye karudi zake klabu na gitaa la nyuzi za nailoni, anapiga klasiki na bluzi usiku mmoja.

Tulipata meza ya pembeni, upande wa mkono wake wa kulia. Mzee akakaa, akaanza peke yake, kitu cha taratibu, mdogo wake Joe kashika besi bila kuligusa. Jamaa yangu akaniinamia: "Bwana we, huyu anapiga au anasali?"

Mimi nilikuwa naangalia mkono. Hana kile kiplastiki cha kupigia nyuzi. Vidole vitupu, kucha zimesawazishwa vizuri. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete, kila kimoja na uzi wake, hakuna kinachomharakisha mwenzake. Dole gumba limetulia kule kwenye nyuzi nene, linagusa mara moja moja. Kisha likaanza kutembea. Ilianzia wapi, sikuona, na nilikuwa nimekodoa macho. Juu ule wimbo wa taratibu bado unaendelea, lakini chini hatua zimeshashika mwendo, moja baada ya nyingine. Joe akazipokea hatua zile kwa besi, mpiga ngoma akaingia na brashi, na tukawa kwenye bluzi. Mzee hakubadili mkao. Hakuinua hata kichwa. Kiatu cha jamaa yangu ndicho kilichonishtua, kinagonga sakafu.

Baadaye zikaja nyimbo za Brazili, kama watu walivyotarajia. Hizo alirudi nazo kutoka ziara ya Amerika Kusini mwaka 1961, aliyopelekwa na serikali ya Marekani. Mwaka uliofuata, Februari, akaingia na mpiga saksafoni Stan Getz kwenye ukumbi wa kanisa moja Washington, wakarekodi Jazz Samba kwa siku moja, na albamu ile ikapanda mpaka namba moja Marekani. Tuzo ya Grammy ya "Desafinado", wimbo wa albamu hiyo, akapewa Getz. Nilipolijua hilo nikasema, haya, ndiyo bei ya kukalia viti vyote. Siku hizi sina hakika. Mzee niliyemwona mimi hakuwa na sura ya mtu anayedai chochote. Alifariki mwaka 1999, hapo hapo Annapolis.

Njia nzima ya kurudi tulibishana. Jamaa yangu ndiye aliyeanza: "Sasa huyu, bendi yenu mngempa kiti gani?"

"Solo."

"Na lile dole gumba? Lile si besi?"

"Basi besi."

"Na zile za Brazili? Mkono mzima ulikuwa rithim, kaka. Kiti chako kile!"

Nikamwambia aangalie barabara. Akaendelea mpaka Washington, anapanga bendi ya watu watatu kwa mtu mmoja, anampunguza huyu, anamwongeza yule. Tulichokubaliana ni kimoja tu: kwa mapato ya mlangoni tuliyokuwa tunagawana Dar, nauli yake tu ingetushinda.